Foleni Ndani ya Swichi: Nani Apite Kwanza?

Swichi ni kifaa kinachopokea habari kutoka kompyuta na simu za mtandao mmoja na kuzipeleka zinakotakiwa. Habari husafiri zikiwa zimekatwa vipande, navyo vikizidi uwezo wa njia ya kutokea hupanga foleni. Barua ikichelewa nusu sekunde hapana ajaliye. Sauti ya simu ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 hivi, wazungumzaji huanza kukatizana.

Kanuni ya 802.1p, iliyochapishwa na IEEE mwaka 1998, hukitia kila kipande alama ya biti tatu, yaani ngazi nane, kuanzia 0 hadi 7. Sauti kwa desturi hupewa 5. Je, kazi imekwisha? La. Swichi ikiimaliza kwanza foleni ya juu kabla ya kuigeukia nyingine, za chini zaweza kungoja bila kikomo. Tena mjanja atajitilia 7 ili apate sinema yake upesi. Alama za watumiaji basi zisiaminiwe. Swichi itie zake.

Uwezo nao hauna budi kugawanywa. Tuchukue njia ya megabiti 10 kwa sekunde. Simu moja ambayo sauti yake haikubanwa huhitaji karibu kilobiti 90. Simu 20, megabiti 1.8. Sauti itatangulia, lakini isipite megabiti 2. Nane zilizosalia hugawiwa, mathalani, tatu kwa moja kati ya masomo na mengineyo, na fungu lisilotumika huazimwa wengine.

Mpango huu hauongezi hata biti moja. Simu ya 23 ikiingia, vipande vya ziada hutupwa bila kuchagua, na simu zote 23 hukwaruza.