Makao ya Wazee Yakitaka Kupanuka, Jirani Apime Nini?

Makao ya wazee yakiomba kuongeza vyumba ndani ya kartie, ubishi hauchelewi. Majirani huja na malalamiko mengi kwa pamoja: maji machafu, magari, kelele za jenereta, misiba, bei ya viwanja, na ile hofu isiyotamkwa sana mbele ya mkuu wa komini lakini inayosemwa wazi kwenye vibaraza, kwamba vikongwe wengi mahali pamoja si jambo la heri. Wenye makao nao hujibu kwa neno moja, huruma, kana kwamba anayeuliza juu ya shimo la choo hana utu. Mjadala wa namna hii hauwezi kufika popote, kwa sababu umechanganya mambo mawili yasiyofanana. Yapo malalamiko yanayohusu jengo, na yapo yanayohusu watu watakaolala ndani yake. Ya kwanza yanapimika, yanarekebishika, na yasiporekebishika yanatosha kuzuia ujenzi. Ya pili hayana uzito wowote katika uamuzi wa mipango miji, na mji wa Lubumbashi una sababu zake za pekee za kuyakataa.

Mji huu ulichorwa kwa hofu ya kuishi jirani na mtu fulani. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, ilianzishwa mwaka 1910, na haikuchukua muda wakuu wa ukoloni wakaanza kuuliza Mwafrika alale umbali gani kutoka kwa Mzungu. Jibu lilivaa koti la daktari: mbu wa malaria huruka umbali wenye kikomo, basi kiachwe kipande cha ardhi tupu ambacho mbu hawezi kukivuka. Kuelekea mwanzo wa miaka ya 1920 cité ya Waafrika, ambayo leo ni Kamalondo, ikawekwa upande wa pili wa ukanda huo wa mamia ya mita uliogawanya mji. Ukanda haukubaki mtupu. Ulianza kupokea yale ambayo mji wa Wazungu uliyahitaji lakini haukutaka kuyaona mlangoni pake, na mojawapo ilikuwa hospitali ya Waafrika, ambayo sasa tunaiita Sendwe. Mbu alikuwa kisingizio. Wapishi na walezi wa watoto walivuka ukanda kila asubuhi na kurudi jioni, na hakuna aliyepima umbali wa mbu kwao. Ninayakumbusha haya kwa sababu pendekezo linalotolewa mara nyingi zaidi dhidi ya makao ya wazee, kwamba yahamishiwe pembezoni ambako viwanja ni vipana, ni mchoro uleule uliobadilishiwa wahusika.

Wengine huuliza kwa nini tuwe na makao hayo kabisa. Mzee wa Kiafrika, wanasema, hutunzwa na watoto wake. Nyumba za wazee ni desturi ya Ulaya. Hoja hii ina heshima yake, na katika familia nyingi za Lubumbashi bado ndiyo hali halisi. Lakini mji huu ulijengwa na watu walioondolewa kwenye ukoo wao kwa ajili ya kazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili siasa yake: badala ya kuleta vijana kwa mkataba mfupi na kuwarudisha mukini, iliwaweka kampini pamoja na wake zao, ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali. Kampuni ikachukua nafasi ya ukoo. Mwanahistoria wa hapa, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 *Bana Shaba abandonnés par leur père*, na baba huyo aliyewatelekeza wana wa Shaba ni kampuni yenyewe. Mwaka 1986 Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba; mwaka 1994 haikufika tani 40,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kujitolea, wengi wakiwa wametumikia miaka 25 na zaidi. Waliokuwa na miaka hamsini siku ile leo wamepita sabini. Ongeza juu ya hapo kufukuzwa kwa Wakasai kati ya mwaka 1992 na 1994, kulikozitawanya familia zilizokuwa zimeishi Katanga vizazi viwili au vitatu, na utaelewa kwa nini wapo wazee mjini hapa wasio na mtoto wa kuwapikia bukari. Kuwaambia kwamba mila itawatunza ni kuwaelekeza kwenye nyumba ambayo haipo tena. Na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mtu wa umri mkubwa haki ya hatua maalumu za ulinzi zinazolingana na mahitaji yake ya mwili, akili na utu.

Sasa tutatenganishaje malalamiko ya jengo na malalamiko ya watu, wakati mara nyingi mtu yuleyule anayo yote mawili kinywani? Kesi moja ya Marekani inatoa kipimo kizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji mdogo wa Cleburne, jimbo la Texas, shirika moja liliomba kufungua nyumba ya watu 13 wenye ulemavu wa akili. Halmashauri ilikataa. Ilitaja hofu ya majirani, shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara, idadi ya wakazi, na hatari ya mafuriko. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikauliza swali rahisi: je, hospitali au nyumba ya kupangisha watu wengi ingekataliwa mahali hapo kwa sababu hizo? Isingekataliwa, hata kibali cha pekee isingedaiwa. Basi mafuriko hayakuwa hoja, kwani maji hayachagui, na hofu ya majirani peke yake haiwezi kuwa sababu ya serikali kumnyima mtu mahali pa kuishi. Sheria ya Texas si sheria yetu, lakini kipimo kinafaa kila mahali. Mbele ya kila pingamizi, weka kwenye lupango lile jengo jingine lenye ukubwa uleule: hoteli ndogo, shule ya binafsi, kanisa la uamsho lenye spika nne na mkesha kila Ijumaa. Je, pingamizi linabaki? Likibaki, ni la jengo, tulisikilize hadi mwisho. Likitoweka, tumekwisha kujua lilikuwa la nani.

Tukitumia kipimo hicho, la kwanza linalobaki ni maji machafu, na hapa majirani wana haki kuliko wanavyodhani. Sehemu kubwa ya Lubumbashi haina bomba la kupokea uchafu. Kila lupango humeza wa kwake, kwa shimo au kwa tanki na kizimba cha kuzamishia maji ardhini. Udongo mwekundu wa hapa una mfinyanzi mwingi, hunywa polepole. Mvua zinazoanza kuelekea Novemba zinapofika Februari na Machi, ardhi imeshiba na maji ya chini yamepanda. Hesabu si ngumu. Tuseme makao yana wazee 20 na kila mmoja anatumia lita 100 kwa siku, kufua kukiwemo: hizo ni lita 2,000. Wakiwa 50, ni lita 5,000 kila siku, Jumapili hadi Jumapili. Na nimeweka lita 100 kwa makusudi, kwa sababu makao ya wazee hayafui kama nyumba ya kawaida. Mzee asiyeweza kujizuia usiku anahitaji mashuka mapya asubuhi, pengine na mchana. Maji ya sabuni na dawa ya kuua vijidudu huwa mengi, na dawa hiyo ikizidi huua pia vile vijidudu vinavyosaga uchafu ndani ya tanki. Jirani mwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono mita chache kutoka ukutani halalamiki kwa chuki. Analinda maji ya watoto wake, na kifungu cha 53 cha Katiba ileile kinampa haki ya mazingira safi.

Jambo hili linafungamana na lingine ambalo wenye makao huwa hawalioni mpaka fundi ameshaanza msingi. Jengo la wazee haliwezi kupanda juu kirahisi. Lifti katika mji ambao umeme wa SNEL hukatika saa nyingi ni mtego, na mzee anayetembea kwa gongo hawezi kuwekwa ghorofani akawa mfungwa wa ngazi. Kwa hiyo vyumba vyake lazima viwe chini, na vya chini hula ardhi: mlango wa sentimita 90 ili kigari cha mgonjwa kipite, choo karibu na kitanda, njia ya mteremko mahali pa ngazi. Mteremko salama hupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 40 ili mvua isiingie inadai mteremko wa karibu mita tano, kabla hujaweka mahali pa kugeuzia kigari. Ardhi hiyo inatoka wapi? Inatoka uani, na ua ndio uliokuwa ukinywa maji ya tanki na maji ya mvua. Makao yanayopanuka kwa kuufunika ua yanaongeza uchafu na kupunguza mdomo wa kuumeza kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu kikomo cha kweli cha upanuzi kipo hapa, si katika idadi ya majirani wenye hasira. Ramani nzuri hupandisha ghorofani ofisi, ghala na vyumba vya wafanyakazi, huwaacha wazee chini, na huacha sehemu ya ua wazi kabisa, bila saruji. Kama hesabu ya ua haifiki wazee 50, basi wawe 35. Kama haifiki hata 25, upanuzi ukataliwe, na neno huruma lisitumike kuupitisha.

Magari na jenereta sina haja ya kukaa nayo sana. Wazee hawaendeshi, wanaokuja ni wafanyakazi wa zamu, gari la maji na wageni wa Jumapili. Jenereta iwekwe mbali na ukuta wa jirani, ndani ya kibanda, izimwe usiku isipokuwa kwa dharura. Haya huandikwa ndani ya kibali na yakaisha.

Misiba ni suala zito zaidi, kwa kuwa linasimama katikati ya jengo na watu. Ni kweli kwamba makao yenye wazee 50 yatafiwa mara nyingi kuliko nyumba ya familia, na sote tunajua kilio cha mtaani: hema katikati ya avenyu, viti vya plastiki, nyimbo mpaka alfajiri. Lakini hiki ni kitu kinachopangika. Makao yanaweza kuwekewa sharti kwamba maiti ipelekwe mochari mara moja na matanga yakae kwa ndugu, au kwenye ukumbi wa parokia. Kinachobaki baada ya sharti hilo ni hofu ya kifo chenyewe, na nyuma yake hofu ya ulozi. Ni lazima lisemwe waziwazi: baadhi ya wazee wamefika makaoni kwa sababu familia zao ziliwaita walozi na kuwafukuza. Sheria ya watoto ya Januari 2009 humwadhibu anayemtuhumu mtoto kwa uchawi. Mkataba wa Afrika wa haki za wazee, uliopitishwa mwaka 2016, nao unakataza kuwadhuru wazee kwa tuhuma hizohizo. Komini ikikataa upanuzi kwa kuitii hofu hiyo, hata bila kuitaja, itakuwa imeweka mhuri wa serikali kwenye tuhuma iliyomfukuza mzee kwake.

Na bei ya viwanja? Huko Marekani suala hili limechunguzwa mara nyingi tangu miaka ya 1970, na tafiti nyingi hazikuona bei za nyumba zikishuka kwa sababu ya makao ya uangalizi kufunguliwa jirani. Lubumbashi, kinachoshusha bei ya lupango kinajulikana na kila dalali: hati mbili kwa ardhi moja, barabara isiyopitika wakati wa mvua, ukosefu wa maji.

Hapo ndipo wazo la pembezoni linapoanguka lenyewe. Mwisho wa mji, upande wa Annexe, ardhi ni nafuu kwa sababu maji, umeme na barabara havijafika, yaani vitu ambavyo mzee mgonjwa anavihitaji kuliko mtu yeyote. Kila safari ya hospitali inakuwa ndefu, na kila ziara ya ndugu inakuwa nauli. Mahali pasipotembelewa, chakula hupungua na vidonda vya kulalia huongezeka bila mtu kuuliza. Jirani anayechungulia juu ya ukuta ni sehemu ya ulinzi wa wazee, hata akiwa ni yule aliyepinga ujenzi.

Kwa sababu hiyo jirani asikilizwe kwa utaratibu, asiachwe apige kelele nje. Dekreti ya 20 Juni 1957 ndiyo iliyoweka msingi wa mipango miji yetu, na tangu ordonansi ya mwaka 1953 juu ya shughuli hatari au zenye kero, utawala unajua namna ya kuwauliza majirani kabla ya kutoa ruhusa. Makao ya wazee si kiwanda, lakini namna hiyo ya kuuliza inafaa kuigwa: ramani ibandikwe getini na ofisini kwa kartie, ikionyesha tanki, kizimba na sehemu ya ua itakayoachwa wazi; idadi ya juu ya wazee iandikwe kwenye kibali, wala isiongezwe bila ombi jipya; visima vya majirani vipimwe kabla ya ujenzi, ili baadaye asiwepo wa kubishana kwa kumbukumbu tu. Idara ya masuala ya kijamii ihakikishe wafanyakazi wanatosha usiku, maana kitanda bila mtu wa kumgeuza mgonjwa si huduma. Na mkaguzi wa komini asije Agosti, wakati ardhi imekauka na kila shimo linaonekana zuri. Aje mwanzoni mwa Machi, baada ya wiki ya mvua, apime maji ndani ya kizimba na visimani kwa majirani, ndipo asaini.