Kukoroma, Presha na Kisukari: Maradhi Yanayokwenda Pamoja

Wananchi wengi wamezoea kumcheka mtu anayekoroma, na wengine husema kuwa amelala usingizi mnono. Inafaa ieleweke kwamba kwa baadhi ya watu, hasa wenye kitambi, presha au kisukari, mkoromo mkubwa ni dalili ya ugonjwa wa kuzibika pumzi usingizini. Ugonjwa huu unatibika, lakini wengi huishi nao kwa miaka bila ya kujua, kwani hutokea wakati mgonjwa mwenyewe yumo usingizini.

Mtu anapolala, misuli ya ulimi na koo hulegea. Kwa mwenye mafuta mengi shingoni, njia ya hewa huwa tayari imebanwa, na misuli ikilegea njia hiyo huweza kuziba kabisa. Kifua huendelea kujitahidi kuvuta hewa, lakini hewa haipiti. Hali hiyo ikidumu kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa kuwa pumzi imekatika. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, na mgonjwa huvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Kisha hulala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 au zaidi kwa saa, ugonjwa upo. Ikifika mara 30, ugonjwa ni mkali.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye hali ambayo madaktari huiita sindromu ya metaboli. Mtu huwa na hali hiyo akiwa na angalau dalili 3 kati ya hizi 5:

(a) kiuno cha sentimita 94 au zaidi kwa mwanamme, na 80 au zaidi kwa mwanamke, kwa vipimo vinavyotumika Afrika kusini ya Sahara;
(b) presha ya 130 kwa 85 au zaidi;
(c) sukari ya milimoli 5.6 kwa lita au zaidi kabla ya kufungua kinywa;
(d) wingi wa mafuta ya triglisaridi katika damu;
(e) upungufu wa kolesteroli nzuri.

Maradhi haya huchocheana. Unene hubana njia ya hewa. Nayo pumzi inapokatika, mwili hutoa homoni za mshtuko usiku kucha. Homoni hizo hupandisha presha na kuizuia insulini kufanya kazi yake ya kushusha sukari. Kwa kawaida presha hushuka mtu anapolala, lakini kwa wagonjwa wengi wa aina hii haishuki. Ndiyo maana mtu anayetumia dawa 3 za presha kama alivyoelekezwa, na presha bado ikawa juu, anapaswa kuulizwa na daktari wake namna anavyolala.

Dalili nyengine ni kuamka na maumivu ya kichwa au kinywa kikavu, kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kusahau na kusinzia mchana. Kwa wanawake mkoromo huweza kuwa mdogo, na lalamiko kubwa likawa ni uchovu na kukosa usingizi. Mtumishi anayesinzia ofisini asihukumiwe haraka kuwa ni mvivu. Kwa dereva wa daladala au nahodha, kusinzia huko ni hatari kwa maisha ya abiria.

Shahidi mkuu wa ugonjwa huu ni mume, mke au jamaa anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Akisikia mkoromo unakatika ghafla, kimya kinafuata, kisha pumzi inarudi kwa kishindo, inafaa afuatane na mgonjwa kwa daktari akaeleze aliyoyaona. Uthibitisho hupatikana kwa kupima pumzi na oksijeni mtu akiwa amelala.

Tiba iliyozoeleka kwa ugonjwa mkali ni mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ili njia isizibe. Colin Sullivan na wenzake waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981 huko Sydney, Australia. Hata hivyo, mashine hiyo hushusha presha kwa kiasi kidogo tu, na haiondoi kitambi wala kisukari. Kupunguza uzito husaidia pande zote mbili: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Wisconsin, Marekani, ulionesha kuwa kupungua asilimia 10 ya uzito kulikwenda pamoja na kupungua kwa asilimia 26 ya kukatika kwa pumzi. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 9.

Kwa hivyo, wananchi wenye dalili zilizotajwa wanashauriwa:

1. Kupima kiuno, presha na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu.
2. Kulala kwa ubavu, na kuepuka ulevi pamoja na dawa za usingizi zisizoandikwa na daktari.
3. Kutoendesha chombo chochote wakiwa na usingizi.
4. Kutoacha dawa za presha au kisukari kwa sababu ya kuanza tiba ya pumzi.