Dawa bila daftari ni hatari

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Msemo huo sasa unawahusu hata wanasayansi wanaotengeneza dawa kwa kutumia chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Chembe hizo hupimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara milioni elfu moja. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi, ilhali nyingi za chembe hizi hazizidi nanomita 200.

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya maabara za ng'ambo pekee. La hasha. Chanjo za Pfizer na Moderna dhidi ya Covid-19, ambazo Wakenya wengi walidungwa kuanzia mwaka wa 2021, zilitengenezwa kwa chembe za mafuta za aina hiyo.

Aidha, kuna AmBisome, dawa inayotumiwa kutibu kalaazari, ugonjwa unaoenezwa na usubi katika sehemu kama vile Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Hiyo ni dawa ya zamani, amfoterisini B, iliyotiwa ndani ya vifuko vidogo sana vya mafuta.

Vifuko hivyo hubadilisha mambo kabisa. Amfoterisini ya kawaida hudhuru figo, na mgonjwa hapaswi kupewa zaidi ya miligramu 1.5 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake. Lakini mnamo 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza dozi moja ya miligramu 10 kwa kila kilo, ikiwa ndani ya vifuko na ikiandamana na dawa mbili za kumeza. Dozi hiyo ni ya watu wenye virusi vya Ukimwi waliopatwa na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu.

Mtu akichanganya chupa hizo mbili, mgonjwa anaweza kufa. Wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya walitaka majina yake yaandikwe kwa namna ya kuzitofautisha wazi, baada ya kuripotiwa makosa ambayo mengine yalileta vifo.

Ikiwa chupa mbili tu zinaweza kuleta maafa, itakuwaje katika maabara yenye mamia ya sampuli zinazofanana kwa macho?

Ni kwa sababu hiyo Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliunda caNanoLab, hifadhidata ya kompyuta ya kuweka kumbukumbu za chembe hizi. Kila sampuli ilipewa jina lake na mtu wa kuulizwa habari zake. Kisha yalifuata mambo yanayoitambulisha: imetengenezwa kwa nini, imepakwa nini kwa juu, imebeba dawa gani, ukubwa wake, chaji yake ya umeme, na matokeo yake ilipojaribiwa katika seli au wanyama.

Ukubwa si jambo la kupuuzwa. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi huweza kuchujwa na figo na kutoka kwa mkojo. Kubwa zaidi hunaswa sana na ini na wengu. Kwa hivyo tofauti ndogo inaweza kuamua dawa itaishia wapi mwilini.

Hata hivyo, kuandika nambari pekee hakutoshi. Chembe iliyo majini, ikipimwa kwa miale ya mwanga, mara nyingi huonekana kubwa kuliko ikikaushwa na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Asiyeandika alipima vipi amewaachia wenzake kitendawili.

Jambo jingine ni usafi. Maabara ya kupima chembe hizi iliyoanzishwa na taasisi hiyo mwaka wa 2004, mjini Frederick, Maryland, iligundua kwamba sampuli nyingi ilizoletewa zilikuwa na endotoksini. Hii ni sumu itokayo kwenye ngozi ya bakteria fulani, na kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi. Panya akiugua, mtafiti anaweza kuilaumu dawa kumbe kosa ni la uchafu. Au anaweza kuitupa dawa ambayo ingefaa wagonjwa.

Ndiyo maana kila fungu linalotengenezwa linafaa kuwa na kumbukumbu zake. Mtafiti anaweza kunakili kumbukumbu ya sampuli ya zamani ili asianze upya, kisha akabadilisha yaliyotofautiana. Njia hiyo huokoa muda, lakini asiyekuwa makini huacha vipimo vya zamani chini ya jina jipya.

Katika caNanoLab, mtafiti angeweza kuficha kumbukumbu zake au kuwaonyesha wenzake wachache mpaka kazi iwe tayari. Kabla ya kuwekwa wazi kwa umma, zilikaguliwa na mtu mwingine. Mpango kama huo hulinda jasho la mtafiti na pia haki ya mgonjwa.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ukitibiwa au kuchanjwa, omba jina kamili la dawa na nambari ya fungu liandikwe kwenye kadi yako. Ukihamia hospitali nyingine, nenda na kadi hiyo. Usiridhike kusema ulipewa "sindano ya kuvu" au "ile chanjo ya pili". Daktari anayekupokea anahitaji kujua ni ipi hasa.