Samaki wa Tangini Wanapougua: Tazama Maji Kabla ya Dawa

SWALI: Sisi ni familia ya Pemba tunaoishi Ngokolo, Shinyanga. Watoto wana tangi la samaki wa mapambo. Juzi tulilisafisha lote na kutia maji mapya ya bomba. Kufika jioni samaki watatu walikufa, waliobaki wanahema juu ya maji. Jirani ametushauri tutie vidonge vya antibiotiki. Je, tutie? Na tumepata dhambi?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allaah. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu, aali zake na Swahaba zake.

Kufuga viumbe kwa mapambo kunajuzu kwa sharti la kuwatunza. Wanachuoni wametoa dalili kwa kisa cha Abu 'Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakumkataza. Lakini katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula. Mliyoyafanya bila ya kujua hayana dhambi in shaa Allaah. Lililo juu yenu sasa ni kujua.

Vidonge msitie. Kanuni ni hii: wakiugua wote kwa pamoja na kwa ghafla, tatizo ni maji. Akianza mmoja, kisha mwengine baada ya siku, na mwilini pana alama, hapo ni maradhi.

Maji ya bomba ya Shinyanga hutoka Ziwa Victoria na husafishwa Ihelele. Klorini inayotiwa humlinda binadamu, lakini huunguza matamvua ya samaki. Huku visiwani pia visima hutiwa klorini nyakati za kipindupindu. Kwa hivyo acheni maji kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia, na badilisheni robo tu ya tangi kwa wiki.

Jambo la pili ni amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Ndani ya sponji ya chujio huishi bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Ukiiosha sponji kwa maji ya bomba unawaua. Antibiotiki nayo huweza kuwaua. Isuuzeni kwa maji yaliyotolewa tangini. Kwa sasa washeni pampu ya hewa, na punguzeni chakula kwa siku mbili tatu.

Ama maradhi yenyewe, mashuhuri ni madoa meupe mithili ya chembe za chumvi, hasa baada ya usiku wa baridi. Hiki ni kimelea. Yeyusheni chumvi ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 3, mkaitie kidogo kidogo kwa siku mbili. Endeleeni siku 10 hata madoa yakipotea, kwani dawa humuua kimelea anapokuwa majini tu, si akiwa ndani ya ngozi. Kambare wa mapambo na mimea havistahimili chumvi; vihamisheni kwanza.

Mapezi yakioza au magamba yakisimama, mtengeni mgonjwa kwenye chombo chake na mumuone daktari wa mifugo.

Wafundisheni watoto kuyatazama maji kila siku. Kiumbe huyu hana sauti ya kulalamika, naye ni amana mikononi mwenu.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.