Kwa nini Venice ilitajirika, na kwa nini ilipitwa

Wiki hii tunaziacha kidogo bei za sokoni na kuligusa swali ambalo kila mwenye mtaji mdogo hana budi kujiuliza: ni kitu gani huifanya nchi moja itajirike kwa biashara, na nyingine yenye bandari nzuri zaidi ibaki nyuma? Wapo wanaosema ni utamaduni wa watu. Wengine husema ni sheria na vyombo vya kuzisimamia. Historia ya Venice, nchini Italia, inaonyesha kuwa mambo hayo mawili huenda pamoja.

Mji huo ulijengwa juu ya visiwa vya matope. Haukuwa na mashamba wala madini. Ulianza na chumvi na samaki. Lakini tangu karne ya 11 ulikuwa na mkataba ulioitwa koleganza. Mwenye fedha alibaki nyumbani, na kijana asiye na mtaji alisafiri na mali hadi Constantinople au Alexandria. Kwa kawaida msafiri alichukua robo ya faida na mwenye fedha robo tatu. Chombo kikizama, mwenye fedha alipoteza mtaji na msafiri alipoteza jasho lake. Wasomaji wa pwani watatambua mara moja kuwa mkataba huo unafanana sana na mudharaba, ambao wafanyabiashara Waislamu waliutumia tangu zamani.

Mkataba wa namna hiyo unahitaji uaminifu, lakini uaminifu wa desturi mara nyingi huishia kwenye ukoo. Ndugu utampa mali kwa neno tu. Mgeni utataka karatasi na hakimu. Venice ilikuwa na vyote viwili. Ndiyo maana vijana wa familia zisizojulikana waliweza kupanda, na baadhi yao wakaingia katika Baraza Kuu lililotawala mji.

MLANGO WAFUNGWA

Matajiri wa zamani hawakuupenda ushindani huo. Mwaka 1297 masharti ya kuingia Baraza Kuu yalibadilishwa, na katika miaka iliyofuata ujumbe ukawa wa kurithi. Baadaye merikebu za serikali zilizobeba bidhaa za thamani zilikodishwa kwa mnada, na mnada huo ukawa wa familia za watawala peke yake. Wanauchumi Diego Puga na Daniel Trefler, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walipitia mikataba ya enzi hizo na kuona kuwa watu wa kawaida walizidi kupungua katika biashara hiyo.

Venice haikufilisika siku hiyo. Iliendelea kuwa tajiri kwa muda mrefu, na Wareno kufika India kwa bahari mwaka 1498 nako kuliiumiza. Hata hivyo, wengine walikuwa wanafungua mlango ambao yenyewe ilikuwa imeufunga. Mwaka 1602 Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki iliuza hisa kwa mkazi yeyote wa nchi hiyo. Katika tawi la Amsterdam peke yake walijiandikisha watu 1,143, na miongoni mwao alikuwamo mtumishi wa ndani aliyeweka gilda 100. Kampuni hiyo ilikuwa na ukiritimba wake, na ukatili wake huko Asia, lakini mtaji ulitoka kwa wakubwa na wadogo.

FUNZO KWA MWEKEZAJI

Kabla ya kutoa shilingi yako, usitazame gawio la mwaka jana tu. Uliza: tukigombana, nani ataamua, na je, atamsikiliza mwenye hisa 50 kama anavyomsikiliza mwenye hisa 50,000? Mgeni mwenye bidii anaweza kuingia katika biashara hii, au leseni na zabuni ni za familia zile zile?

Soko lililofungwa linaweza kuleta faida nono kwa miaka mingi. Walio ndani ndio huwa wa mwisho kuona kuwa limeanza kunyauka.