Fahamu: Nani hupanga mshahara wa mkutubi?

Mjini Nairobi, msomaji ana maktaba mbili kubwa za umma. McMillan, iliyofunguliwa 1931 katika Banda Street, iko chini ya Kaunti ya Nairobi. Maktaba ya Taifa, Upper Hill, iko chini ya shirika la serikali kuu, Kenya National Library Service (KNLS). Kazi zinafanana, waajiri ni wawili. Hata hivyo, Katiba ya 2010 iliorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti.

Mwajiri anapotaka kupanga madaraja ya mishahara, mshauri wa tathmini ya kazi huajiriwa kufanya nini?
Hupima kazi, si mtu. Hukusanya maelezo ya kila cheo, huwahoji wafanyakazi, kisha huipa kazi alama kwa ujuzi, uwajibikaji na mazingira yake. Alama hizo ndizo msingi wa daraja.

Je, yeye ndiye huamua mshahara?
Hapana, hupendekeza tu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 230, Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) huishauri serikali kuu na za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wa umma.

Kwa nini tathmini hii ni muhimu?
Mkutubi wa leo huorodhesha vitabu, husomea watoto hadithi na huwasaidia wananchi kujaza fomu za eCitizen. Kazi isiyoandikwa haipewi alama. Kwa hiyo kila mfanyakazi aandike yote anayoyafanya kabla mshauri hajabisha hodi.