Beringi mpya kwenye nyumba iliyolika: kazi niliyofanya mara tatu nikalipwa ufundi mara moja

Leo naongea na mafundi wenzangu wa gereji ndogo, ila hata wewe unayeuza spea tu usipite, maana hii hasara inaanzia hata kaunta kwako.

Mimi gereji yangu ipo Karatu. Nina mteja, mzee wa makamo, ana Land Rover 109 Series III, zile za kati ya 1971 na 1985. Wengine gari kama hiyo wanaiosha na kuipeleka maonyesho. Yeye inambebea vitunguu kutoka Mang'ola, ndiyo mtaji wake wote. Akaja analalamika tairi la nyuma kushoto linacheza na breki imelowa oili. Nikafungua habu, beringi ya ndani imekwisha. Nikaweka mpya, nikaweka na sili, akalipa spea, akanipa 30,000 ya ufundi, tukaagana vizuri.

Wiki tano, huyo karudi. "Fundi, lile tairi linalia tena."

Nikasema moyoni, nimeuziwa beringi feki. Nikaenda duka lingine, nikanunua beringi 45,000 na sili 8,000 kwa hela yangu kulinda jina. Piga hesabu: ile 30,000 imeondoka na 23,000 nyingine juu yake.

Mara ya tatu hakuja akiendesha, alivutwa na trekta. Vitunguu vilibaki barabarani siku mbili na mvua ikanyesha. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akanyamaza, akakaa kwenye benchi. Afadhali angenigombeza.

Safari hii nilifungua taratibu. Ringi ya nje ya beringi, ile ambayo kwa kawaida unaipigia nyundo na kipande cha shaba mpaka itoke, ilitoka kwa kidole gumba. Mgongo wake unang'aa kama kijiko. Duka la kwanza halikuwa na kosa, na la pili pia. Nyumba ya beringi ndani ya habu ilikuwa imelika, mimi nikawa naingiza mpangaji mpya kwenye nyumba isiyo na mlango.

Sababu ni hii. Kwenye ekseli ya nyuma ya Land Rover hizi, stabu imesimama, habu ndiyo inazunguka. Uzito wa gari unasukuma upande mmoja muda wote, kwa hiyo kila sehemu ya habu inapita kwenye mgandamizo kila tairi linapozunguka. Ringi ya nje isipobanwa sawasawa, inatambaa ndani ya habu kidogo kidogo, na kutambaa huko ni kama msasa. Nyumba inapanuka, habu inayumba, sili inashindwa kushika, oili ya difu inafika kwenye viatu vya breki. Ukiona breki imelowa, usikimbilie sili. Jaribu kwanza kusukuma ringi kwa kidole.

Sasa matibabu. Nimeona mafundi wanatia vishimo vya senta panchi kuzunguka nyumba yote ili ringi ikwaruze. Wengine wanazungushia wembe au bati la kopo la soda. Nami nimewahi, sijifanyi mtakatifu. Inabana siku hiyo, lakini ringi inakaa imeinama, na beringi za koni hazivumilii kuinama hata kidogo. Gundi maalumu ya kufungia beringi ni kitu halali kama nyumba imelika kidogo, tuseme sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu, na vyuma vimesafishwa mafuta mpaka vikauke kabisa. Ya mzee ilikuwa imevuka hapo. Kuchomelea ndani halafu kukereza kunawezekana, ila joto la kuchomelea linapinda habu, na kama ni chuma cha kumimina unaweza kutengeneza ufa utakaouona ukiwa porini.

Tulichofanya ni bushi. Nilipeleka habu Arusha kwa fundi wa kukereza vyuma. Anapanua tundu, anachonga bushi ya chuma yenye ukuta wa milimita 3 hivi, anaiingiza kwa kubana, halafu ndipo anakereza ndani ya bushi kufikia saizi ya beringi. Mpangilio huo usigeuzwe. Bushi ikishabanwa inasinyaa kidogo, ukiimaliza kabla ya kuiingiza saizi inakupotea. Na mwambie aisimamishe habu kwa kufuata nyumba ya beringi ya pili ambayo bado nzima, siyo kwa kufuata ile iliyolika, la sivyo beringi mbili zitakuwa na senta mbili.

Jambo nililojifunza kwa kuumia: usimtumie fundi namba ya beringi kwa simu. Nunua beringi yenyewe, mpelekee, apime ringi kwa maikromita mbele yako. Tundu linatakiwa liwe dogo kuliko ringi kwa 0.03 mpaka 0.05 ya milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hapo, kwa hiyo venia ya 15,000 haitoshi.

Kuingiza ringi usitumie nyundo kwa hasira. Tundu la milimita 75 ukilipasha joto likapanda nyuzi 100, linafunguka karibu 0.09. Ringi niliilaza usiku kucha kwenye friza ya dada wa jirani anayeuza barafu, nimeifunga kwenye nailoni asinilalamikie harufu ya grisi. Asubuhi habu ya moto, ringi ya baridi, ikazama yenyewe mpaka ikagonga bega. Subiri vipoe, hakikisha imelala sawasawa. Kagua na stabu kabla ya kufunga, maana nayo inaweza kuwa imelika.

Upande wa hela. Fundi wa Arusha alitaka 70,000. Nilimweleza mzee ukweli wote, kwamba mara mbili za mwanzo sikupima. Alilipa 70,000 na beringi, ufundi wangu nikaacha. Hasara ya vitunguu hakuidai, na mimi sikuthubutu kuuliza ilikuwa kiasi gani.

Tangu hapo mtu akipiga simu kuuliza "kubadilisha beringi ya nyuma ni bei gani", simtajii. Namwambia alete gari, kufungua na kupima ni 10,000, tukikubaliana kazi naikata humo. Ringi ikitoka kwa kidole namwita mwenye gari aisukume mwenyewe, au narekodi video namtumia WhatsApp. Nikimtajia bei mbili, ya beringi tupu na ya beringi pamoja na nyumba, hanioni mwizi tena. Akichagua beringi tupu naandika kwenye risiti "nyumba imelika, mteja amejulishwa", anasaini. Hela ya fundi wa kukereza naichukua kabla, sikopeshi kazi ya mtu mwingine.

Na wewe wa duka la spea, mteja akirudisha beringi ya pili ndani ya miezi miwili, kabla hamjagombana muulize ile ya kwanza ilitokaje kwenye habu.

Mzee bado yupo barabarani. Mwezi uliopita kaleta habu ya kulia, kaibeba kwenye kiroba, kashaitoa mwenyewe. "Nimeisukuma kwa kidole," akaniambia, "imetoka."